Chupa ya Chai Iliyorudi Nzito

Wasikilizaji wapendwa, mvua inanyesha hapa Tukuyu. Najua mtasema, Saada naye, hiyo nayo ni habari? Sisi wa huku mvua hatuihesabu, tunahesabu jua. Lakini nawaambia kwa sababu mvua ya namna hii hii ilinyesha siku aliyozikwa Mama Atu, na watu hawakuondoka. Walisimama kwenye tope, wengine wamejifunika majani ya migomba, mpaka udongo wa mwisho ukarudishwa.

Karibuni tukumbuke pamoja. Mimi ni Saada Maulidi. Sogeza redio karibu, na kama kuna chungu jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka Atuganile, nesi wa zahanati moja ya kijijini, huko juu upande wa Nkunga. Familia imeomba tusikitaje kijiji kwa jina. Wenyewe watajijua.

Atuganile, nesi. Wengi tulimjua kwa jina la Mama Atu. Alifika kwenye zahanati ile akiwa binti aliyetoka chuoni, na akafia kazini akiwa hajawahi kuhama. Hakuhama. Lishikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Mumewe ni mzee Ambilikile, mkulima wa chai. Huyu mzee ana vituko vyake. Anakwambia yeye majani ya chai anawapelekea watu wa kiwandani, lakini chai yenyewe anampikia mkewe tu. Kila asubuhi alichemsha maziwa, akatia majani na tangawizi, akaijaza chupa moja nyekundu yenye mfuniko uliopasuka. Kisha alipanda nayo kilima hadi zahanati, akaiweka dirishani mwa chumba cha mkewe. Mchana, akitoka shambani, aliipitia.

"Nilikuwa simuulizi siku imekwendaje," mzee Ambilikile ametuambia. "Nainua chupa tu. Ikiwa nyepesi, najua leo mwenzangu amekaa kidogo. Ikiwa nzito, hajakaa. Zamani ilikuwa inarudi nyepesi. Baadaye ikaanza kurudi nzito. Mwishoni nikawa nabeba chai kupanda, nabeba chai kushuka."

Ilikuwa nyepesi zamani kwa sababu zamani walikuwa wengi. Palikuwa na mganga mfawidhi, palikuwa na manesi wenzake, palikuwa na zamu. Mmoja akizalisha, mwingine anachoma sindano. Mmoja akienda likizo, mwingine yupo. Halafu mganga akahamishwa. Akaja mwingine, akaenda kusoma, hakurudi. Nesi mmoja akaolewa Mbeya. Mwingine nyumba ya watumishi ilimvujia mpaka kwenye godoro, akasema hapana, basi. Kila aliyeondoka wanakijiji walimpa mkungu wa ndizi na kuku, wakampungia mkono. Na kila aliyeondoka, kazi yake ilibaki. Ilibaki kwa nani? Kwa Mama Atu.

Sasa nisije nikamchora kama malaika, atanisuta huko aliko. Mama Atu alikuwa mtu wa maneno. Baba akija kliniki kumsindikiza mkewe huku ameshika simu, aliambiwa, "Tata, hiyo simu ndiyo yenye mimba au huyu?" Alikuwa anacheka kwa sauti hadi barabarani wanasikia. Na alikuwa na desturi yake. Mgonjwa akikaa mbele yake, hakuanza na unaumwa wapi. Alianza na umekula nini. Bibi wa watu anajibu, nimekula ndizi za mbalaga jana. Jana si leo, anasema Mama Atu, na anamtafutia hata ndizi moja mbivu kabla hajampa dawa.

Umekula nini. Watu wa kijiji kile wamekua na swali hilo. Nimewauliza wengi kama kuna aliyewahi kumrudishia. Wanatazamana.

Wasikilizaji wapendwa, tufike kwa Suad.

Suad ni nesi kijana, mzaliwa wa hapa hapa mjini Tukuyu, wa familia ya wauza vitambaa. Alipangiwa zahanati ile wakati Mama Atu amebaki peke yake. Mama Atu alimpokea kwa vigelegele. Alimpa chumba nyumbani kwake mpaka paa la nyumba ya watumishi lizibwe. Binti yake, Jenifer, anasema siku ile mama yake alilala mapema na kuamka jua limetoka, jambo ambalo walikuwa wamelisahau mle ndani.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Asubuhi Suad alifungua chumba chake, akapanga vifaa, akakaa. Kwenye benchi watu wamejaa. Akaita wa kwanza. Akajibiwa na bibi mmoja, kwa upole kabisa, "Ndaga, asante, mwanangu. Mimi namsubili Mama." Akaita wa pili. Naye anamsubiri Mama. Wa tatu, Mama. Foleni ya Mama Atu ikatoka nje ya mlango ikazunguka ukuta, na Suad amekaa na mikono yake mapajani.

"Hakuna aliyenitukana," Suad ametuambia. "Mimi nilipendwa kule. Ndizi waliniletea, maparachichi waliniletea, maziwa ndiyo usiseme. Ila mikono yangu hawakuitaka. Mama Atu alikuwa anatoka nje anawagombeza, anawaambia huyu amesoma kama mimi, tena vya kisasa. Wanaitikia, ndiyo Mama. Akigeuka tu, wamerudi kwenye foleni yake."

Mtu hawezi kwenda kazini kila siku ili apewe maziwa. Suad aliomba kuondoka. Siku chache kabla hajaondoka alimkalisha Mama Atu kwenye kiti, akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Alizisoma namba zile. Akampima tena mkono wa pili.

"Nikamwambia, Mama, hii presha siyo ya mtu wa kusimama. Akafungua kitambaa mwenyewe, akakikunja, akaniambia, mashine hii imezeeka, mwanangu. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Suad akaondoka. Mkungu wa ndizi, kuku, mikono ikapungwa. Mama Atu akabaki peke yake tena.

Jenifer anaikumbuka miezi iliyofuata kuliko anavyopenda. Alikuwa akimkuta mama yake jikoni, amekaa kwenye kigoda, viatu miguuni, sweta limelowa na halivui. "Nikimwita haitiki. Siyo kwamba hasikii. Alikuwa amekwisha. Nikimwambia Mama, omba likizo, ananiambia, nikienda likizo nani atafungua mlango?" Alianza kusahau. Aliweka chumvi kwenye chai ya mumewe. Siku moja alimfokea mama mmoja aliyechelewesha chanjo ya mtoto, akamfokea mbele za watu mpaka yule mama akalia. Jioni alimfuata kwake kwa miguu, mlima mzima, kumwomba radhi. Kicheko kile cha kusikika barabarani kilipotea, na hakuna aliyetangaza kwamba kimepotea.

Kisha mama yake mzazi akafariki, kule Ikuti.

Ninyi mlio mbali na Rungwe mnielewe. Huku msiba si jambo la kukosa. Unaweza kukosa harusi ukasamehewa. Unaweza kukosa kanisani, wachungaji wakakusubiri. Msiba hukosi. Mtu anapimwa kwa misiba aliyokaa, na mtoto kutomzika mamaye ni jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti.

Mama Atu alipata habari asubuhi. Alivaa kitenge juu ya gauni la kazi. Bodaboda ilikuwa imeshafika uani. Hapo hapo akaletwa binti mwenye uchungu wa mtoto wa kwanza, mtoto amekaa vibaya, na gari la kumpeleka mjini linaambiwa limekwama kwenye tope. Mama Atu alimtazama yule binti. Alimtazama yule kijana wa bodaboda. Akavua kitenge, akakitundika mlangoni.

Mtoto alizaliwa salama. Mama yake ni mzima, na yule mtoto sasa anatambaa. Lakini Mama Atu alipofika Ikuti, kaburi la mamaye lilikuwa limeshafukiwa na watu wameshanawa mikono. Kaka yake, Andongwisye, alikuwa amekaa na wazee. Hakunyanyuka.

"Sikumsalimia," Andongwisye mwenyewe ametuambia, na alitaka tuyatangaze hivyo hivyo. "Nilimwambia mbele ya ukoo, dada, watoto wa wenzako wote umewapokea, mama yako hukuweza hata kumsindikiza. Alikaa chini peke yake karibu na kaburi, na gauni lake la kazi lina damu."

Aliporudi nyumbani, Mama Atu alisema neno ambalo mumewe hakuwahi kulisikia kwake. Alisema, "Baba Jenifer, nimechoka. Nataka kuhama."

Aliomba uhamisho. Hakuomba makubwa. Aliomba mahali penye manesi wenzake, penye zamu, ili naye siku ya msiba akae chini kama watu wengine. Wakubwa wake wa kazi walimwelewa. Wakamkubalia. Akapangiwa kituo hapa mjini, na mtu wa kushika nafasi yake akaahidiwa. Mzee Ambilikile alifunga vyombo mwenyewe. Anasema mkewe aliimba siku ile akikunja mashuka.

Asubuhi ya kuondoka, gari likaja. Mama Atu akafungua mlango wa nyumba yake. Akakuta uani kumejaa wanawake.

Walikuwa wamekaa chini. Walikuwa wametandika majani ya migomba, wamenyoosha miguu, wamefunga khanga viunoni, watoto migongoni. Namna ile ile tunayokaa msibani. Hakuna aliyezuia gari. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Hosea, alisimama, akavua kofia, akasema, "Mama, hatukukatazi. Nenda. Sisi tumekuja kulia msiba wetu, maana ukiondoka wewe sisi tumekufa." Na wanawake wakaanza kulia, kweli kweli, kilio cha kufiwa.

Wasikilizaji wapendwa, niseme nini? Waliwasindikiza wengine wote kwa kuku na ndizi. Huyu mmoja waliyempenda, walimlilia. Na mtu aliyekosa msiba wa mama yake, unadhani angeweza kuruka watu waliokaa msibani na kupanda gari?

Alisimama mlangoni muda mrefu. Halafu akaingia ndani akaanza kufungua mizigo. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakamsaidia kurudisha vyombo. Wakapika, wakala, wakacheza. Kijiji kizima kilifurahi, nami nilipopata habari zile hapa studio nilizisoma hewani kama habari njema. Mzee Ambilikile anasema alitafuta uso wa mkewe katikati ya furaha ile. Alimkuta amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, ameshika mfuniko wa chupa ya chai, anautazama tu.

Hakuhama. Mtu aliyeahidiwa kushika nafasi yake akapelekwa kwingine, kwa kuwa nafasi haikuwa wazi tena. Chupa ikaendelea kupanda imejaa na kushuka imejaa.

Siku ya mwisho ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wengi. Mama Atu alikuwa anapima uzito, mtoto mmoja baada ya mwingine, anamtia kwenye mkoba, anamtundika kwenye mizani, anamshusha. Alimshusha mtoto mmoja, akamkabidhi kwa mama yake taratibu sana, kwa mikono miwili. Akasema, "Ngojeni nipumzike kidogo." Akaingia chumbani kwake, akakaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa ukutani.

Akina mama wakamwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Wakaambiana kwa minong'ono, mwacheni, Mama amechoka. Watoto waliolia walinyonyeshwa wanyamaze. Waliokuja na maneno walitolewa nje. Walimlinda. Miaka yote ile, hiyo ndiyo siku waliyomwacha apumzike.

Mzee Ambilikile alipanda mchana kufuata chupa. Aliiinua dirishani, ikawa nzito. Akachungulia ndani amtanie mkewe, kama alivyozoea. Mkewe hakugeuka, na mdomo wake ulikuwa umepinda upande.

Kilikuwa kiharusi. Walimfikisha hospitali akiwa bado anapumua. Madaktari walifanya waliyoyaweza. Hakuamka. Na kwa wale akina mama waliomnyamazishia watoto, nawaambia kwa redio ili wote wasikie: msijihukumu kwa siku ile. Presha ile haikuanza asubuhi ile. Suad aliiona mapema, na hata mwenyewe aliijua.

Sasa nirudi kwenye mvua niliyoanza nayo. Jeneza lilifikishwa nyumbani, kwenye ua ule ule. Wanawake walikuwa wameshakaa chini, kwenye majani ya migomba, miguu wameinyoosha, khanga viunoni. Wale wale. Watu walikuja kutoka Ikuti, kutoka Isongole kwa bodaboda, kutoka hapa mjini. Andongwisye alichimba kaburi la dada yake tangu jembe la kwanza na alikataa kupokewa. Suad alikuja. Aliombwa aseme neno kwa niaba ya manesi, naye akasimama.

"Kila mtu hapa anasema Mama Atu alituachia pengo," alisema Suad. "Mimi nilikuja kumsaidia Mama, na mikono ninayo. Mkaniletea maziwa."

Akakaa. Mzee Hosea, mwenyekiti, ndiye aliyesimama baada yake, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alisema maneno machache. "Tulidhani tunampenda. Mara ya kwanza tulipokaa hapa chini, alifungua mizigo. Leo tumekaa tena." Akashindwa kumaliza, akaondolewa.

Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, wasikilizaji wapendwa. Tunauona mwepesi kwa sababu hatujaubeba. Kumzika, tulikuja watu wasiohesabika. Kumpokea zamu siku moja akamzike mama yake, hakuwapo hata mmoja.

Kuna nesi mpya pale sasa. Anaitwa Jackson, kijana mpole wa maneno machache. Juzi nilikwenda nikakaa kwenye benchi nimwone kazini. Akaingia bibi mmoja na fimbo yake, akakaa, akauliza, "Mama yupo?" Benchi zima likamgeukia. Bibi naye akakumbuka. Alitazama dirisha muda mrefu, pale palipokuwa panawekwa chupa. Halafu akakunja mkono wa sweta lake, pole pole, akamnyooshea Jackson mkono ampime.

Mzee Ambilikile, pole sana, tata. Jenifer, pole mwanangu. Andongwisye, pole, na nadhani dada yako alilisikia jembe lako. Poleni watu wa kijiji kile, maana nanyi mmefiwa, tena sana. Na ninyi manesi na waganga mnaotusikiliza huku mmesimama, popote mlipo, Kyala, Mungu wetu, awatie nguvu, na awape watu wa kuwapokea.

Sisi wengine tuondoke na jambo moja. Mzee Ambilikile bado anapika chai kila asubuhi. Bado anaijaza ile chupa nyekundu, anapanda nayo kilima, anaiweka dirishani kwa yule kijana. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajui namna nyingine ya kuanza siku.

Basi ukienda zahanati kesho, yako ya kijijini au ya mjini, kabla hujasema unaumwa wapi, muulize aliye mbele yako kama amekunywa chai. Akisema bado, rudi ukakae kwenye benchi. Mwache ainywe mpaka iishe.